Mto Usio na Hofu

Jumatatu, 4 Agosti

Tumepongezwa! Kikao kizima cha asubuhi kilikuwa cha kupongezana. Mkurugenzi alijipongeza mwenyewe kwanza, ili tuone inavyofanywa, kisha akatupongeza sisi kwa bahati ya kufanya kazi chini yake. Samaki wameongezeka mara tatu tangu mwaka jana. Mchoro uliobandikwa ukutani unapanda kama ngazi. Na chai ilikuwa ya moto – hapo ndipo nilipojua mambo ni makubwa.

Mkurugenzi, mimi na Fundi wa maabara tunamwita Bwana Mng'ao. Si kwa ubaya. (Ni kwa ubaya.) Neno lake ni hilo hilo kila siku: maji yang'ae, mawe yang'ae, ripoti ing'ae. Na sibishi, mto unapendeza. Hapa palikuwa na mtaro wa kutupia matairi. Sasa kuna kona, mawe, matete, na daraja la mbao la kupigia picha. Ukisimama darajani unaona mpaka kokoto za chini. Na kindevu, samaki wetu ambaye haonekani katika mto mwingine wowote – mdogo kama kidole, sharubu mbili, sura ya mzee aliyeudhiwa – anakuja mpaka karibu na mkono wako. Hakimbii! Wageni wanakaribia kulia.

Bwana Mng'ao anasema samaki wameshajua kwamba tunawapenda.

Jumamosi tarehe 30 ni sherehe. Mgeni rasmi atawamwaga mtoni vindevu wote tuliowalea kwenye chumba cha matangi. Wote! Fundi aliuliza kwa upole kama tusibakize hata wachache, endapo mambo yataharibika. Akajibiwa kwamba mgeni rasmi haji kutazama uchache. Kazi yangu kabla ya siku hiyo ni kupima kama maji yana kitu kinachowadhuru. Kwa maneno mengine, kuthibitisha kwamba hayana.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo jaribio la hofu. Jioni Mama akaniuliza nimefanya nini kazini, nikamweleza – kosa langu. Nikasema: samaki akijeruhiwa, ngozi yake inaachia kitu majini. Wenzake wakikinusa wanajua kuna adui karibu, wanakimbilia chini, wanajibana, hawatikisiki. Basi tunachukua ngozi ya kindevu aliyejifia mwenyewe, tunaiponda, tunatia matone kwenye tangi, tunatazama.

Mama akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo umesomeshwa mpaka mwisho ili uwatishe samaki."

Ndiyo, Mama.

"Na hao samaki wanaliwa?"

Hapana, Mama. Wamebaki wachache mno.

"Basi hata hofu yenyewe ni ya bure."

Sikumwambia matokeo. Vindevu wa matangini: tone moja tu, wote chini, kimya. Safi kabisa. Vindevu tuliowatoa mtoni: hakuna. Wakaendelea kuzunguka. Mmoja alikuja juu kuonja.

Fundi akadhani amekosea kuchanganya. Akamwaga, akaponda upya, akaosha glasi zote kana kwamba anamuogesha mtoto. Tukarudia. Yule mmoja akaja tena, safari hii na rafiki.

Ijumaa, 8 Agosti

Bado hawaogopi. Mimi nimeanza.

Jumapili, 10 Agosti

Mjomba amekuja kula, kama kila Jumapili. Kaka yake Mama, mkubwa wa familia nzima, na pia msimamizi wa mto wetu – kazini ananiita "Daktari" mbele za watu, nyumbani ananiita "wewe mtoto". Yale mawe yote kwenye kona za mto aliyapanga yeye na vijana wake. Akikupitisha hapo anakuonyesha jiwe moja moja, anajua lipi lilimvunja kucha. Amebakiza kidogo astaafu. Anawatembeza wajukuu kwenye ule mto kana kwamba ameuzaa.

Leo kazungumzia maji tu. Umeyaona maji? Umeona yalivyo kioo? Nikasema nimeona, Mjomba, hongera. Nilimaanisha kweli.

Mama akamgombeza kwa alama za vidole kwenye kitambaa cha meza. Za bluu. Akasema ni rangi ya mabenchi. Mama akasema basi aoshe mikono kama watu wengine. Mzee mzima akainuka kwenda kunawa!

Jumanne, 12 Agosti

Jumanne ni siku ya kuhesabu. Mimi nasimama upande huu wa daraja, Fundi upande ule, tunahesabu vindevu tunaowaona chini. Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya kukodoa macho mpaka kichwa kinauma. Sasa ni kama kuhesabu wanafunzi mstarini. Wamekaa tu, wanatutazama.

Korongo naye alikuwepo. Zamani alikuwa mmoja, mwembamba, mwenye wasiwasi. Sasa ni wanne, na yule mkubwa amenenepa mpaka anatembea kwa kupumzika. Wageni wanampiga picha. Bwana Mng'ao ameshamwingiza kwenye ripoti: ndege nao wanarudi! Leo nilimtazama vizuri, huku nimeshika kalamu na nimesahau kuhesabu. Hawindi. Anaokota.

Bwana Mng'ao anayo hotuba tayari dhidi ya kiwanda cha ngozi kilichoko upande wa juu wa mto. Nimemsikia akiifanyia mazoezi chooni, na mwangwi unaisaidia sana. Akanisimamisha kwenye korido kuuliza kama majibu ya maji ya kiwanda yametoka. Yametoka: maji ni safi. Walifunga mtambo mpya wa kusafisha, wala hawakumtangazia mtu. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewafungia.

Akasema nitafute vizuri zaidi. Sawa. Natafuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Majibu ya madini yamefika. Shaba. Shaba nyingi!

Si ya kuua. Ingekuwa afadhali – wangeelea, mtu angeuliza. Hii ni ya kuziba pua. Kindevu anakula, anaogelea, anachumbia, afya tele, ila hanusi kitu; na asiponusa hatari, hata kishindo hakimshtui tena. Mwenzake anachanwa na korongo hapo hapo ubavuni, damu na ngozi zinampitia usoni, na yeye anaendelea na shughuli zake.

Na shaba haipo upande wa juu wa kile kizuizi cha mawe, pale maji yanapoingia kwetu. Tulichota kote. Inaanzia kwenye kizuizi. Chetu. Ndani ya uzio wetu, nyuma ya kibao chetu cha kukaribisha wageni.

Nikakaa kwenye stuli. Halafu ule mchoro wa ukutani ukanijia. Mwaka jana maji yalikuwa na ukijani, na vindevu walikuwa wakisikia hatua zetu juu ya mbao wanapotea. Tulihesabu wale wachache waliochelewa. Sasa maji ni kioo na hakuna anayekimbia. Tunawahesabu wote! Hawakuongezeka. Huenda wamepungua, na korongo anawapunguza kila asubuhi. Ile ngazi inayopanda ukutani inaonyesha, kwa usahihi mkubwa, jinsi tunavyowaona vizuri kabla hawajaliwa.

Nilimweleza Fundi. Akauliza kama hii ina maana tutanyang'anywa ile chai ya moto.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeshajua. Natamani nisingejua.

Mjomba alikuja na vidole vyake vya bluu. Mabenchi yetu ni ya kijani. Yamekuwa ya kijani tangu yalipoletwa, na mimi huyakalia kila siku kula mchana. Nikamuuliza, Mjomba, hiyo bluu ni ya nini?

Akatazama mlango, kama mtu anavyofanya kabla ya kujisifu.

"Hii iishie hapa hapa. Unakumbuka maji yalivyokuwa ya kijani? Mkubwa wenu akaniita, akasema, mzee, mimi nataka nione kokoto. Sasa kokoto utazionaje na ule utelezi? Nikaenda kwenye duka la dawa za shamba, nikamweleza yule mama. Akaniambia, wewe unahitaji mrututu. Mawe ya bluu yale. Natia kwenye gunia, nafunga kamba, naning'iniza pale kwenye kizuizi. Inayeyuka yenyewe taratibu. Wiki moja tu, ukijani wote kwisha! Mmesoma, mmesoma, na maji yalikuwa yamewashinda."

Mama akapiga makofi. "Kaka yangu huyo!"

Mrututu. Shaba, basi, iliyovaa nguo ya bluu. Nikaacha kutafuna, hata Mama akauliza kama nimekwamwa na mfupa.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya – pale pale mezani, mbele ya dada yake, kwa ile sauti yangu ya mikutano. Kwamba umewaharibia pua samaki wote. Akasema hakuna aliyekufa, yeye anawaona kila siku, wanamfuata akitembea ukingoni. Nikasema ndiyo hivyo, Mjomba, wanakufuata kwa sababu wameharibika. Akanawa, akachukua kofia yake, akaondoka. Hakumaliza chakula. Mjomba! Sijawahi kuona sahani yake ikiwa na kitu.

Mama ananiambia nimemwita kaka yake muuaji kwa ajili ya samaki wasioliwa. Kesho naenda kwa Bwana Mng'ao.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikao na Bwana Mng'ao, ana kwa ana, milango imefungwa, feni inapiga kelele. Nimeeleza yote isipokuwa jina.

"Kwa hiyo ni wazima?"

Ni wazima, ila hawaogopi.

"Daktari, mbona hiyo ni habari njema!"

Nikaanza upya. Polepole, kwa maneno mafupi, kama kwa mtoto au mfadhili. Kwamba samaki asiyeogopa ni chakula cha korongo. Kwamba vindevu wa matangini ndio pekee waliobaki na pua zao. Tukiwamwaga mtoni Jumamosi ile, siku chache tu nao hawanusi, na hatuna wengine, hapa wala popote. Tuondoe chanzo, tusubiri miezi mitatu, tupime tena. Wale wa mtoni wenyewe wanaweza kupona – Fundi amewahamishia baadhi kwenye maji safi, tunawaangalia.

Alikuwa anaandika. Moyo ukanipoa kidogo: angalau anaandika. Nikachungulia. Aliandika neno moja, "wasioogopa", akalipigia mstari.

Kadi za mwaliko zimeshachapishwa, akasema. Tutaliangalia baada ya sherehe. Nikasema baada ya sherehe hakutakuwa na cha kuangalia. Akasema Daktari, unaongeza chumvi. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema anamheshimu sana mzee wetu wa mto. Itasikitisha ikijulikana kwamba alitia sumu mtoni kwa kujiamulia mwenyewe, na huku amebakiza kidogo astaafu. "Kwa kujiamulia mwenyewe" alilisema mara mbili, nisije nikalisahau. Mtu mkarimu sana.

Kwa hiyo anajua. Sijui tangu lini. Nilitoka nikasahau hata kumuaga.

Alhamisi, 21 Agosti

Bango limefika. Linavuka daraja zima. MTO USIO NA HOFU. Kwa herufi za bluu! Fundi alilisoma, akageuka, akarudi maabara.

Gunia limeondolewa. Mjomba alilitoa mwenyewe Jumatatu asubuhi, hakuna aliyemwambia. Ila hanisemeshi. Namwamkia "Shikamoo, Mjomba", anaitikia "Marahaba" huku anatazama matete, kana kwamba matete ndiyo yaliyomwamkia.

Ukijani umeanza kurudi. Kidogo tu, kwenye mawe ya kona ya pili. Sijawahi kufurahia uchafu namna hii. Bwana Mng'ao anatembea ukingoni akiinama kama aliyeangusha pete.

Jumapili, 24 Agosti

Mjomba hajaja. Mama akapakua sahani yake, akaifunika, akaitazama, akanitazama. Hotuba nzima bila neno hata moja.

Jumanne, 26 Agosti

Maji ni kioo tena.

Niliona kutoka getini. Sikupita hata ofisini, nilikwenda moja kwa moja kwenye kizuizi, na Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe, kamba mkononi. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Akanitangulia.

"Nimetia nusu," akasema. "Nusu tu."

Ameitwa ofisini. Ameambiwa ukijani usionekane Jumamosi, na kama umri umemshinda aseme, vijana wenye nguvu wapo. Akakubali, kwa sababu hao vijana wangetia gunia zima. Alinieleza hivyo akiwa ametazama maji. Hasira yote ikanishuka miguuni. Nikamwambia, Mjomba, hebu njoo maabara.

Alivua kofia mlangoni, kama mtu anayeingia wodini. Fundi akampa stuli, hakuikalia.

Tangi la kwanza, vindevu tuliowalea. Tone. Wote chini! Mjomba mwenyewe akarudi nyuma hatua.

Tangi la pili, wa mtoni. Tone. Hakuna. Wakaja kwenye kioo alipokuwa ameweka mkono wake.

"Hawa ndio wangu," akasema.

Ndio.

Tangi la tatu, wa mtoni waliokaa kwenye maji safi tangu wiki iliyopita. Tone. Kwanza kimya. Halafu mmoja akashuka, akafuatwa na wengine, polepole, kama watu wanaojaribu kukumbuka wameweka wapi miwani. Si wote. Lakini walishuka! Fundi alinishika mkono, na hilo halijawahi kutokea.

Mjomba aligusa kioo cha lile tangi la tatu. Akauliza, na wale korongo? Nikamweleza. Akasema alikuwa anawaambia wajukuu kwamba ndege wamerudi kwa ajili ya kazi yake. Nikasema ni kweli, Mjomba. Sikukusudia kumchoma, jibu lilinitoka tu. Akavaa kofia, akamshukuru Fundi, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Nimelia maabara. Fundi alijifanya anaosha glasi.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimempigia mtu wa wizarani. Akasema jambo langu ni zito sana, na kwa uzito huo si la meza yake. Meza ya nani? Hiyo atanijulisha.

Nimempigia msaidizi wa mgeni rasmi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akauliza kama samaki wataonekana vizuri kwenye kamera.

Nimemwendea tena Bwana Mng'ao. Nikamwomba tubakize nusu. Robo! Hata tangi moja. Akanionyesha ndoo nyeupe zilizonunuliwa, kila moja na utepe wake, na akasema ndoo tupu zitaonekana vibaya. Nikamwambia azijaze maji. Akacheka kwa dhati, akidhani natania.

Fundi amenitaarifu kwamba Jumamosi ataumwa tumbo. Ameshapanga. Simlaumu, ana watoto. Mama, ambaye hanisemeshi, amenisemesha: Mjomba alipita mchana nikiwa kazini. Walizungumza nini? Akasema ni mambo ya wakubwa. Alikula? Alikula kidogo.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimejifungia kwenye chumba cha matangi.

Sikupanga! Nilikuja asubuhi kuwalisha. Nikakuta ndoo zimepangwa mstari ukutani, tepe zimefungwa vizuri, na nyavu ndogo mpya kabisa za kuwachotea. Mlango ukawa umefungwa na ufunguo ukawa mfukoni mwangu. Ni mimi niliyefanya, hakuna mwingine humu zaidi ya samaki. Kwa hiyo mtafiti wenu mwandamizi yuko hapa, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, utepe unamwasha mguuni, anaandika shajara kwa sababu hana jambo lingine la kufanya. Mpango wangu unaishia hapa. Sina hata maji ya kunywa. Yaani, maji ninayo tele, lakini yana wenyewe.

Nje kuna muziki. Mshereheshaji anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, hajawahi kufika tatu.

Bwana Mng'ao amegonga. Kwa upole. "Daktari, mgeni anakaribia, tunaomba samaki." Nikasema hapana. Akasema hajasikia. Nikasema kwa sauti zaidi. Akasema tena hajasikia, lakini sauti yake ilibadilika, kwa hiyo alisikia.

Kila akigonga, vindevu wanashuka chini. Matangi yote kwa pamoja. Wanajibana kwenye kona, sharubu zimetulia, hakuna anayetikisika. Kisha kimya kikikaa wanapanda mmoja mmoja, wanachungulia. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Naandika haraka, mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Ving'ora. Mgeni amefika. Makofi.

Amerudi. Safari hii hagongi kwa vidole, anagonga kwa kiganja. Anasema nitafukuzwa. Nasema sawa. Anasema nitashtakiwa. Nasema sawa. Anasema kwa nje, kwa mtu mwingine, "Mwiteni mzee. Ana ufunguo wa akiba."

Hilo nililisahau kabisa. Mjomba ana ufunguo wa akiba wa kila mlango hapa.

Nimeinuka. Sijui kwa nini, siwezi kuuzuia mlango wa chuma kwa mgongo. Nimeziangalia zile ndoo. Nimefikiria kuwahamishia wachache kwenye beseni la kunawia. Upuuzi. Nimekaa tena.

Viatu vyake. Navijua, kisigino cha kushoto kinaburuta. Na shada la funguo, lile analolining'iniza kiunoni, unalisikia kabla hujamwona mwenyewe. Amesimama mlangoni. Namsikia akipumua.

"Mzee, fungua."

Funguo zinagongana, chakacha, chakacha.

"Ufunguo wa humu sina, bosi. Nimeusahau nyumbani."

Nimeacha kuandika, nikasikiliza. Zinalia bado. Bwana Mng'ao naye ana masikio.

"Mzee. Si hizo hapo kiunoni?"

"Hizi za mageti."

"Basi leta nyundo tuvunje."

"Nyundo iko stoo, bosi."

"Si uende stoo!"

"Stoo imefungwa."

"Na ufunguo wa stoo?"

"Upo na ule mwingine. Nyumbani."

Nimeziba mdomo kwa mkono. Sijui ni kicheko au ni kitu gani. Nje, kwenye kipaza sauti, wanasema mgeni rasmi ameshasogea darajani na anaomba samaki waletwe.

Bwana Mng'ao ameshusha sauti, ile ya kikao chetu cha feni. Anamuuliza kama anajua anachokifanya. Kama anajua kitakachoandikwa juu yake Jumatatu, baada ya miaka yote hii. Kwamba ni nani aliyetia mrututu.

"Najua, bosi," anasema Mjomba. "Naogopa kwelikweli."

Kisha kwangu, kupitia ule mlango, kama vile tuko mezani: "Wewe mtoto, umekula?"

Nimesema bado, Mjomba.

"Haya."

Sasa Bwana Mng'ao anaupiga mlango kwa ngumi mbili, rangi inabanduka kwenye bawaba. Vindevu wote wako chini, hakuna anayetikisika. Na funguo bado zinalia, chakacha, chakacha, pale pale mlangoni, hazisogei